Mkupuo si Kipato: Mstaafu Anayeishi Nje na Uthibitisho wa Fedha Zake

Malalamiko ya aina moja yamezidi kwenye madawati ya huduma kwa wateja ya benki yetu hapa Dar es Salaam. Mzazi amestaafu na anaishi nje ya nchi. Muda wake wa ukaazi unakaribia kwisha, na mwanawe anafika kaunta akiwa na haraka ya kupata "barua ya benki". Anapewa, anaituma, halafu baada ya siku chache anarudi na habari kwamba uhamiaji wa kule wameikataa. Lawama zinaishia kwa benki, na mara nyingi barua yenyewe haikuwa na kosa lolote. Ilisema salio ni kiasi fulani kufikia tarehe fulani, na hilo lilikuwa kweli. Tatizo ni kwamba afisa wa uhamiaji hakuuliza kuhusu salio. Alitaka kujua fedha inatoka wapi, inaingia lini, na kama mwezi ujao itaingia tena.

Tuanze na mkupuo, yaani sehemu ya mafao inayolipwa mara moja mtu anapostaafu, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Kikokotoo kilichoanza Julai 2022 kilitenga asilimia 33 ya mafao kwa malipo ya mkupuo, na asilimia 67 ikabaki kulipwa kama pensheni ya kila mwezi. Mkupuo ni akiba na pensheni ni kipato. Nchi nyingi hutenganisha mambo hayo mawili kwa sheria, na mstaafu anayepeleka karatasi ya mkupuo huku barua ya mfuko wake wa pensheni (PSSSF au NSSF) inayotaja pensheni yake ya mwezi ameiacha kabatini Kimara, amepeleka nusu ya ushahidi, tena nusu isiyoulizwa.

Viwango vinatofautiana sana kati ya nchi na nchi, na havitokani na makadirio ya jirani. Afrika Kusini, kwa viza ya mstaafu, inataka randi 37,000 kwa mwezi kutoka kwenye pensheni au mali inayozalisha kiasi hicho. Kenya, kwa kibali cha daraja K, inataka kipato cha uhakika cha dola za Marekani 24,000 kwa mwaka kisichotokana na ajira, na mwombaji awe ametimiza miaka 35. Hispania kwa mwaka 2025 ilitaka yuro 2,400 kwa mwezi, na nyongeza ya yuro 600 kwa kila mtegemezi. Ureno, kwa viza ya D7 ya wanaoishi kwa kipato kisichotokana na ajira, hufuata kima cha chini cha mshahara wake, ambacho mwaka 2025 kilikuwa yuro 870, na mwenza huongeza nusu ya kiasi hicho. Uingereza ilifunga njia ya wastaafu wenye kipato chao kwa waombaji wapya mwaka 2008. Marekani haina viza ya kustaafu. Tunaomba hili lieleweke, kwa sababu bado wapo watu wanaolipishwa fedha mjini hapa kwa ahadi ya "viza ya wastaafu ya Uingereza". Viza hiyo haipo.

Nchi inayofaa kutazamwa kwa karibu ni Thailand, kwa sababu masharti yake yameandikwa kwa tarakimu na miezi, na ukiyaelewa hayo utaelewa jinsi uhamiaji wa kwingine unavyofikiri. Mwombaji awe na miaka 50 au zaidi. Kisha anachagua njia moja kati ya tatu: amana ya baht 800,000 katika benki iliyoko Thailand, kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, au mchanganyiko wa amana na kipato cha mwaka unaofikia baht 800,000. Fomu ya kuongeza muda ni TM.7 na ada yake ni baht 1,900.

Baht 65,000 ni takriban shilingi milioni 5. Pensheni nyingi za hapa hazifiki huko, kwa hiyo mchanganyiko ndio hufaa. Hesabu yake ni rahisi. Mzee mwenye pensheni na kodi ya nyumba zinazofika baht 30,000 kwa mwezi ana 360,000 kwa mwaka, hivyo anatakiwa awe na amana ya 440,000. Anayetumia amana peke yake anabanwa na kalenda: 800,000 zikae kwenye akaunti miezi miwili kabla ya siku ya kuomba, zibaki bila kuguswa miezi mitatu baada ya kukubaliwa, na baada ya hapo salio lisishuke chini ya 400,000 hadi mzunguko unaofuata uanze. Mstaafu aliyetoa laki mbili mwezi wa pili baada ya kukubaliwa kwa ajili ya matibabu amevunja sharti, hata kama alizirudisha wiki iliyofuata. Na amana hiyo iwe Thailand. Amana ya muda maalumu iliyopo tawini Kariakoo haihesabiki kwa njia hii, hata iwe kubwa mara tatu.

Kwa wanaotumia kipato cha mwezi, mambo yalibadilika mwaka 2019. Balozi za Marekani, Uingereza na Australia ziliacha kutoa barua za kuthibitisha kipato cha raia wao, kwa kuwa hazikuwa na njia ya kukihakiki. Thailand ikaanza kupokea ushahidi mwingine: fedha kutoka nje zilizoingia katika akaunti ya mwombaji kila mwezi kwa miezi 12. Angalia hapo neno "kutoka nje". Daftari la benki la kule lina safu nyembamba ya herufi za kifupi mbele ya kila muamala, na katika daftari la Bangkok Bank muamala uliotoka nje huandikwa FTT. Afisa hupitisha kidole kwenye safu hiyo, mstari kwa mstari, akitafuta herufi hizo tatu mara kumi na mbili. Baadhi ya kampuni za kutuma fedha kwa simu humlipa mpokeaji kupitia akaunti yao iliyopo nchini humo, na muamala unasomeka kama wa ndani. Fedha imetoka Dar es Salaam kweli, lakini daftari halisemi hivyo. Kwa ajili ya uhamiaji, tuma kwa TT, yaani uhamisho wa kimataifa kutoka benki hadi benki, kwa dola, na uache ubadilishaji wa kwenda baht ufanyike kule.

Sasa upande wa hapa. Tatizo la kwanza ni tarehe. Pensheni huingia mwishoni mwa mwezi, na wengi huweka agizo la kudumu litume fedha siku ile ile. Tarehe 30 ikiangukia Jumamosi, au sikukuu ya Idi ikisogea, fedha inafika tarehe 2. Mwezi mmoja unaonekana mtupu na unaofuata una miamala miwili. Kwa mstaafu hilo ni jambo dogo, lakini kwa afisa mfululizo umekatika. Weka agizo litume tarehe 5 au 6, uwe na nafasi ya siku za kazi mbele na nyuma.

La pili ni makato. Fomu ya TT ina sehemu inayouliza gharama ni za nani: mtumaji alipe zote, zigawanywe, au mpokeaji alipe. Watu huiruka, na benki za kati zinazopitisha fedha hiyo njiani zinakata zilichokata. Ukituma kiasi kinacholingana sawasawa na kiwango, kitafika pungufu. Chagua mtumaji alipe, na juu ya hapo ongeza ziada ya asilimia 5 hadi 10 kwa sababu ya thamani ya shilingi. Wanaokumbuka mwaka 2024 wanajua dola ilivyopita shilingi 2,600 katikati ya mwaka, kisha ikashuka hadi karibu 2,400 kufikia Desemba. Pensheni ile ile ya shilingi ilitosheleza kiwango mwezi mmoja na ikapungua mwezi mwingine, bila mzee kutumia hata senti.

Kuna dhana nyingine inayotuchosha kidogo, kwamba akaunti za dola zimepigwa marufuku hapa nchini. Kanuni za Machi 2025 zimekataza kutangaza bei, kudai na kulipa kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani. Hazikukataza kumiliki akaunti ya dola, wala hazikukataza kutuma dola nje kwa matumizi halali yenye vielelezo. Mstaafu hana sababu ya kufunga akaunti yake ya dola na kubeba noti mfukoni. Akibeba, anayevuka mpaka na kiasi kinachozidi dola 10,000 au thamani yake anapaswa kukitamka kwa forodha. Na hata akikitamka, fedha taslimu aliyobeba mkononi haimsaidii chochote mbele ya afisa anayetafuta mfululizo.

Kodi ya nyumba inastahili maelezo marefu, kwa sababu ndicho kipato kikuu cha wastaafu wengi wa jiji hili na ndicho kigumu zaidi kuthibitisha. Wapangaji wa Sinza, Tabata au Mbezi hulipa miezi sita au mwaka mzima kwa pamoja, mara nyingi taslimu. Fedha ikiingizwa benki, taarifa ya akaunti inaonyesha mruko mmoja mkubwa kisha kimya cha miezi kumi na moja. Mtu wa nje hawezi kujua kwamba ile ni kodi. Dawa yake ina vipande vinne vinavyotakiwa kusemezana. Kwanza, mkataba wa pango ulioandikwa, wenye kutaja kiasi kwa mwezi hata kama malipo ni ya mwaka, na uliolipiwa ushuru wa stempu. Pili, mpangaji aingize fedha benki mwenyewe na kwenye maelezo ya muamala aandike "kodi ya nyumba", namba ya nyumba na miezi anayolipia. Neno "malipo" peke yake halitoshi. Tatu, ushahidi wa TRA kwamba kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango imelipwa. Nne, hati ya umiliki au nyaraka ya mauziano yenye jina la mstaafu. Kama nyumba bado ina jina la marehemu baba, kodi yake si kipato chako kwa macho ya uhamiaji, hata kama familia nzima inajua ni yako.

Riba ya hatifungani za serikali huingia kila miezi sita, kwa hiyo nayo haionekani kama kipato cha mwezi. Wenye vipande vya Mfuko wa Hatifungani wa UTT AMIS wanaweza kuchagua gawio la kila mwezi, na kwa suala hili la viza chaguo hilo linasomeka vizuri zaidi.

Majina. Pasipoti inasema Juma Hamisi Mohamedi, akaunti inasema Juma H. Mohamed, barua ya pensheni inasema Mohamed Juma Hamisi. Hapa Tanzania tunaelewana. Kule ni watu watatu. Anza kurekebisha miezi mitatu kabla: jina la pasipoti liwe ndilo la akaunti, na kama barua ya mfuko haibadiliki haraka, apate kiapo au hati ya kisheria inayotamka kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Kiapo kilichoapwa wiki ya kuomba kinaleta maswali mengi kuliko majibu.

Uhakiki wa wastaafu nao usisahauliwe; aliye mbali akiusahau, gharama ni yake. Asiyehakikiwa pensheni yake husitishwa, na ikisitishwa mwezi mmoja mfululizo umekatika, hata kama mwezi unaofuata atalipwa malimbikizo. Wa PSSSF wanaweza kujihakiki kwa simu kupitia PSSSF Kiganjani. Simu iwe na namba inayofanya kazi huko aliko, na wanawe waliobaki nyumbani wamkumbushe.

Kuhusu vishoka wanaokopesha fedha ya "kujazia akaunti" kwa wiki moja, au wanaotengeneza taarifa za benki, tunalisema wazi. Afisa huona tarehe ya fedha kuingia na tarehe ya kutoka; kwa hiyo aliyejaziwa analipa riba bure. Benki nayo inawajibika kutoa taarifa ya muamala unaotia shaka kwa FIU, kitengo cha serikali cha kudhibiti fedha haramu, na haimjulishi mteja kwamba imefanya hivyo. Kughushi nyaraka ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake kinaweza kufika miaka saba. Kuitumia nyaraka iliyoghushiwa na mtu mwingine ni kosa pia, kwa hiyo "nilipewa tu" haimwokoi mzee. Ubalozi ukiandika kuuliza kama taarifa ni ya kwetu, jibu letu ni moja kati ya mawili, ndiyo au hapana. Hatuna jibu la tatu la kumsaidia mtu.

Anayekosa uthibitisho akaamua kukaa tu, ajue bei yake. Thailand hutoza baht 500 kwa kila siku iliyozidi, hadi baht 20,000. Anayejisalimisha baada ya kuzidisha siku zaidi ya 90 huzuiwa kurudi mwaka mmoja, akizidisha mwaka huzuiwa miaka mitatu. Akikamatwa kabla ya kujisalimisha, hata chini ya mwaka, ni miaka mitano. Afrika Kusini humzuia miezi 12 aliyezidisha chini ya siku 30, na miaka mitano aliyezidisha zaidi ya hapo. Maombi ya kuongeza muda huko yapelekwe siku 60 kabla ya viza kwisha. Thailand hupokea ndani ya siku 30 za mwisho.

Mwisho, kuhusu mtoto anayekuja kaunta. Benki haiwezi kumpa taarifa ya akaunti ya mzazi wake kwa sababu tu wana jina moja la ukoo, na ukali wa sauti haubadilishi hilo. Mzazi kabla hajasafiri asaini idhini tawini akimtaja mwanawe kwa jina na namba ya NIDA, au aache hati ya uwakili iliyothibitishwa na wakili na kusajiliwa. Aliyekwisha kuondoka asaini mbele ya ubalozi wa Tanzania ulio karibu naye. Taarifa iombwe ya miezi 12 kamili, kila ukurasa ugongwe muhuri, na barua itaje akaunti, jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kufunguliwa na aina ya miamala inayoingia. Ichukuliwe wiki ile ile ya kuomba, kwa sababu barua ya benki iliyopita siku 30 hurudishwa mara nyingi bila kusomwa.