Je, wajua kwa nini mwandishi mkongwe huacha runinga kubwa akaenda kutafuta wafadhili?

Mwaka 1989 Charles Lewis alikuwa mtayarishaji wa 60 Minutes, kipindi cha CBS kilichotazamwa na mamilioni ya Wamarekani. Akaacha kazi hiyo na kuanzisha Center for Public Integrity mjini Washington, shirika lisilo la faida la kuchunguza wenye mamlaka. Wengi wangemwona amechanganyikiwa.

Alichokifuata ni muda. Habari ya uchunguzi hula miezi, wakati mwingine miaka, na bado mwandishi anaweza kufika mwisho akakuta hakuna cha kuchapisha. Mhariri anayetegemea matangazo hawezi kuvumilia hasara hiyo kila mara, na matangazo yalipohamia intaneti, hata wenye subira waliishiwa fedha.

Chukua kazi ya Chris Hamby, iliyoliletea shirika la Lewis Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, mwaka 2014. Wachimba makaa ya mawe waliougua mapafu kwa vumbi walikuwa wakishindwa kesi za fidia. Hamby alipekua mafaili ya kesi hizo moja baada ya jingine, akaandika majibu ya picha za eksirei kwenye hifadhidata aliyoijenga mwenyewe. Daktari mmoja wa hospitali yenye sifa kubwa, ambaye maoni yake kampuni za makaa zilikuwa zikiyatumia, alikuwa amesoma picha katika kesi zaidi ya 1,500 zilizoamuliwa tangu mwaka 2000. Hakuna hata moja aliyokubali kwamba ugonjwa umefikia hatua yake kali. Kesi moja peke yake isingeonyesha hilo.

Gharama nazo si mchezo. Uchunguzi wa Sheri Fink kuhusu wagonjwa waliokufa katika hospitali ya Memorial, New Orleans, baada ya kimbunga Katrina, ulikadiriwa kugharimu dola 400,000. Fink alikuwa ProPublica, shirika jingine la habari lisilo la faida, lililoasisiwa na Paul Steiger, aliyewahi kuongoza chumba cha habari cha Wall Street Journal. Habari ilitoka mwaka 2009 kwa ushirikiano na jarida la New York Times.

Ushirikiano huo ni jambo la kawaida kwa mashirika haya yasiyo ya faida. Asiyeuza habari hana haja ya kuificha, hivyo gazeti ambalo zamani lingekuwa mshindani linageuka msambazaji. Lewis alilipeleka wazo hilo mbali zaidi mwaka 1997 alipoanzisha ICIJ, mtandao wa waandishi wa nchi mbalimbali. Mwaka 2016 mtandao huo uliwaweka waandishi zaidi ya 370 kwenye nyaraka milioni 11.5 zilizovuja kutoka kampuni ya mawakili ya Panama, zenye siri za mali zilizofichwa ng'ambo, na waziri mkuu wa Iceland akang'oka.

Nani hulipa? Matajiri, wakfu na wasomaji wanaochanga. ProPublica ilianza kwa fedha za Herbert na Marion Sandler, waliotajirika kwa biashara ya mikopo ya nyumba. Sheria ya Marekani huyasamehe mashirika haya kodi ya mapato, lakini huyakataza kumpigia debe mgombea na huyataka yafungue hesabu zao kwa umma. Binafsi naona hapo ndipo penye mtihani: mfadhili naye ana biashara na marafiki, na siku uchunguzi utakapogonga mlango wake, mhariri ndiye atakayeamua kama ataendelea kubisha.