Kapi la mlingotini: mafuta hayarudishi roda iliyolika

Wenye mashua wengi huamini kwamba kapi (kifaa cha kupitishia kamba mlingotini) likilia wakati wa kutweka tanga, dawa yake ni mafuta tu. Mafuta hupunguza msuguano, na kelele hunyamaza (jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalodanganya), lakini tundu la roda, yaani gurudumu la ndani ya kapi, likishatanuka, roda huegemea upande, na jarari, yaani kamba ya kutwekea tanga, hutoka kwenye mfuo wake ikaanza kusagwa baina ya roda na shavu la kapi, hata kamba ikiwa mpya. Tena foromali (mti unaofungiwa tanga) na tanga lenyewe vikiwa na uzito wa kilo 100, na kamba ikavutwa kuelekea chini, kapi hubeba takriban kilo 200, yaani mzigo wenyewe pamoja na nguvu ya mvutaji. Roda inayoyumba hubadilishwa pamoja na pini yake, foromali ikiwa imeshushwa.