Je, saa ya ukutani inayojipanga kwa redio haikosei kweli?

Chomoa betri kwenye saa ya ukutani ya redio, zile zilizojaa majumbani Ujerumani, kisha uirudishe. Mishale inakimbia yenyewe hadi saa sita kamili na kuganda hapo. Zinapita dakika tano, pengine kumi, haitikisiki. Ghafla inakimbia tena na kutua kwenye saa sahihi bila mtu kuigusa. Mwenye nayo atakwambia kwa majivuno kwamba hiyo ni saa ya atomu, ile inayopima muda kwa mitetemo ya atomu na karibu haikosei.

Si kweli. Saa ya atomu ipo, ila haiko ukutani kwake. Iko Mainflingen, karibu na Frankfurt, kwenye kituo kinachorusha mawimbi marefu ya kilohezi 77.5 chini ya PTB, taasisi ya taifa ya vipimo. Saa ya nyumbani ni msikilizaji tu.

Na inachosikiliza kinasemwa polepole ajabu. Kila sekunde nguvu ya mawimbi hushuka ghafla. Ikishuka kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, hiyo ni sifuri. Ikishuka kwa sehemu mbili, hiyo ni moja. Sekunde ya mwisho haishuki kabisa, na hapo saa inajua dakika mpya inaingia. Kwa hiyo kutaja saa na tarehe mara moja tu kunachukua dakika nzima, na saa nyingi husubiri ujumbe urudiwe na kulingana ndipo ziuamini. Ndiyo sababu mishale inaganda.

Umbali haudhuru kitu. Mawimbi hukata kilomita 300 kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, hivyo aliye Hamburg, kama kilomita 400 kutoka kituoni, anacheleweshewa muda ambao jicho haliwezi kuuona.

Kosa linatoka ndani ya saa yenyewe. Ili kutunza betri, nyingi hufungua redio mara moja tu kwa siku, aghalabu saa nane au saa tisa usiku, mawimbi yanapofika vizuri zaidi. Muda wote uliobaki zinaendeshwa na kipande cha kwatzi, aina ya fuwele, kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, kilekile cha saa ya mkononi ya bei poa, ambacho kinaweza kupotea hadi nusu sekunde kwa siku. Ukiitundika karibu na televisheni au nyuma ya zege lenye nondo nyingi, ikakosa mawimbi wiki mbili, inaweza kuwa imepotea sekunde saba na wewe bado unaiapia.

Wajapani waliliona hilo Machi 2011. Baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima, wafanyakazi wa kituo cha kurushia mawimbi ya saa cha mlima Otakadoya walihamishwa na mawimbi yakakatika. Saa zilizokitegemea hazikusimama. Ziligeuka tu kuwa saa za kawaida.

Sasa wapo wanaozituma nyumbani Afrika Mashariki kama zawadi. Mawimbi ya Mainflingen hufika kama kilomita 2,000. Nairobi iko zaidi ya 6,000. Ikifika huko itatafuta weee, ichoke, kisha ianze kutembea kuanzia saa sita ile ile ilipogandia, hadi uipange kwa kitufe cha nyuma. Baada ya hapo ni saa ya betri kama zile za Kariakoo, ila imenunuliwa ghali.