Si kila chuma kikizamishwa majini huwa kigumu

Wengi wanaoanza uhunzi nyumbani huamini kwamba chuma chochote kikipashwa hadi kiwe chekundu, kisha kikazamishwa majini, kitakuwa kigumu na kushika makali. Si kweli, na imani hii imeharibu kazi nyingi nzuri.

Kinachokiwezesha chuma kugumuka ni kaboni iliyomo ndani yake. Chuma laini cha kuchomelea mageti kina kaboni chini ya asilimia 0.3. Kifue upendavyo, kizamishe hata mara kumi, makali yake yatajikunja tu. Kisu kinahitaji takriban asilimia 0.6 au zaidi, na ndiyo maana wahunzi hupenda springi za magari na tupa kuukuu. (Zipo tupa za bei rahisi ambazo ni ngumu juujuu tu, kwa hiyo jaribu kipande kwanza.)

Hata chuma kinachofaa hakitaki maji kila mara. Vyuma vingi vya springi hupasuka majini. Mafuta ya kupikia yaliyopashwa hadi nyuzi 50 za Selisiasi hivi hupoza kwa upole zaidi. Shika kwa koleo ndefu, maana mafuta huweza kuwaka. Rangi ya chuma cha moto nayo hudanganya juani, hivyo tumia sumaku kupima joto: chuma huacha kuvutwa karibu na nyuzi 770. Kipashe kidogo zaidi, ndipo ukizamishe.

Hapo bado hujamaliza. Chuma kilichozamishwa huvunjika kama kioo. Kipashe tena, safari hii kwenye oveni kwa nyuzi 200 hivi, saa moja au mbili. Hatua hii ndiyo wengi huiruka, nami naiona muhimu kuliko zote.