Boti ya haidrojeni nayo ni boti ya umeme: dhana potofu zinazozigharimu timu za vyuo vikuu

Dhana: Timu inayounda boti ya mashindano huchagua moja, betri au haidrojeni.
Katika boti hizi haidrojeni haiunguzwi ndani ya injini. Seli za mafuta (fuel cell) huigeuza kuwa umeme unaozungusha mota, na betri haikosi. Nahodha akidai nguvu ghafla, hewa na gesi huchelewa kufika kwenye seli, volti huanguka na seli huumia. Ndiyo maana seli huachwa zitoe umeme wa wastani, betri ikabeba mzigo wa kuondoka.

Dhana: Gesi ni nyepesi, kwa hiyo boti itakuwa nyepesi.
Kilo 1 ya haidrojeni ina uniti (kWh) 33 hivi za nishati. Seli hukupa umeme wa karibu nusu yake. Kwa shinikizo la bar 350, kilo hiyo hujaza lita 42 hivi, na mtungi wa nyuzi za kaboni wa kuibeba hukaribia kilo 20. Bado vali, kompresa ya hewa na seli zenyewe. Kwa mbio fupi za uniti 10, betri ya lithiamu ya kilo 60 hadi 70 hushinda bila jasho. Haidrojeni hulipa safari ikirefuka, maana unaongeza mitungi tu.

Dhana: Ikivuja itapaa yenyewe.
Mahali pa wazi, kweli: ni nyepesi kuliko hewa mara 14. Chini ya sitaha hunaswa darini, na huwaka ikiwa kati ya 4% na 75% ya hewa. Weka kihisi kwenye kona ya juu kabisa, si sakafuni kama mlivyozoea kwa gesi ya kupikia. Kikisoma 0.4%, vali ya mtungi ijifunge na feni isiyotoa cheche iwake.

Dhana: Bahari itapoza kila kitu bure.
Maji ya chumvi hayaguswi na seli. Ndani huzunguka maji yaliyoondolewa ayoni, yasije yakapitisha umeme. Ya bahari huishia kwenye kipoza-joto cha sahani, ambako hupokea joto bila kuchanganyika na yale ya ndani. Chumvi huingia pia kwa hewa: sodiamu hukaa kwenye utando wa seli, volti zikapungua polepole bila taa yoyote ya hitilafu kuwaka. Tundu la hewa liwe juu, litazame nyuma, liwe na chujio.

Dhana: Mota kubwa ndiyo kasi.
Kuongeza kasi maradufu hudai nguvu karibu mara 8, kwa hiyo pesa ziende kwanza kwenye rafadha (propela). Hata kwenye mashindano ya Monaco Energy Boat Challenge, ambako timu za daraja la Energy hupewa bodi za katamarani zinazofanana, kazi iko kwenye mfumo wa kusukuma.

Tena kilowati 10 kwa volti 48 ni zaidi ya ampea 200. Kontakta, yaani swichi kuu ya umeme wa betri, ikiunganisha kabla kapasita (vihifadhi chaji) za kidhibiti cha mota hazijajazwa polepole kupitia rizista, ncha zake huungana kwa moto, na kitufe cha dharura hakikati tena kitu. Kabla ya kushusha boti majini, kibonyeze, kisha pima volti upande wa mota.