Polisi wa Kenya Hagomi: Mshahara Wake Unajadiliwa Wapi?

Madaktari wa Kenya walipogoma kwa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, walikuwa na chama cha kuwasemea na mkataba wa kudai utekelezwe. Walimu nao wana vyama vya KNUT na KUPPET. Polisi anayetumwa kusimamia maandamano yao hana chama wala mkataba.

Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kugoma. Kifungu cha 24 nacho kinaruhusu sheria ipunguze haki hiyo kwa wanajeshi na polisi, na Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 ilikwisha kuwaweka kando polisi, askari magereza na Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS). Sababu inaeleweka: polisi wakigoma, raia hubaki bila ulinzi. Mimi sipingi marufuku ya mgomo. Ninachopinga ni kuigeuza kuwa marufuku ya mazungumzo.

Kwa sasa mshahara wa konstebo hupangwa na Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi (NPSC) kwa ushauri wa tume ya mishahara, SRC. Kisha Hazina itafute fedha na Bunge liidhinishe. Tazama basi ni akina nani wanaoketi NPSC: mtu mwenye sifa za kuwa jaji wa Mahakama Kuu, maafisa wakuu wawili wa polisi waliostaafu, watu watatu waadilifu, Inspekta Jenerali na manaibu wake wawili. Konstebo hayumo, sajini hayumo. Tena Katiba inaipa tume hiyo hiyo kazi ya kuajiri, kupandisha vyeo, kuhamisha na kuadhibu. Afisa wa chini atajadiliana na nani?

Ndiyo maana mabadiliko makubwa huja kwa jopokazi au tangazo la rais. Jopokazi la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga lilikabidhi ripoti mwaka 2023, likapendekeza nyongeza ya asilimia 40 kwa makonstebo kwa awamu ya miaka mitatu. Kabla ya hapo, Septemba 2018, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba maafisa watalipwa marupurupu ya nyumba na kuishi mitaani badala ya kambini. Agizo kama hilo linagusa kodi, shule za watoto, hata usalama wa familia inayopakana na watu ambao baba au mama amewahi kuwakamata. Mambo hayo yalistahili kujadiliwa na maafisa wenyewe mapema.

Mazungumzo bila mgomo yanawezekana. Afrika Kusini polisi pia hawaruhusiwi kugoma, lakini vyama vyao, POPCRU kilichoanzishwa mwaka 1989 na SAPU, huketi na mwajiri katika baraza la majadiliano la sekta ya usalama. Wakishindwa kuelewana, mvutano huenda kwa msuluhishi.

Hapa kwetu mlango ulio wazi leo ni wa bajeti. Kifungu cha 221 cha Katiba kinataka makadirio ya bajeti yafike Bungeni kufikia 30 Aprili, na kamati inayoyakagua lazima ipokee maoni ya wananchi. Mke, mume au mzazi wa afisa anaweza kuwasilisha maoni hayo kwa maandishi. Ataje mambo mahususi: saa za zamu, fulana za kuzuia risasi, bima ya matibabu, na tofauti kati ya marupurupu ya nyumba na kodi halisi ya mji anakofanyia kazi.