Uanuwai wa wafanyakazi hotelini: maana yake na mahali pa kuutazama

Ingia hoteli yoyote kubwa ya Kisumu saa kumi na mbili asubuhi, lakini upitie mlango wa nyuma, ule wa wafanyakazi. Ndiyo saa ambayo zamu ya usiku inaipokeza ya mchana. Askari anatia sahihi daftarini, wapishi wa usiku wanavua aproni, kina dada wa vyumba wanasukuma matoroli ya mashuka kuelekea kwa dobi. Utasikia Kidholuo zaidi, Kimaragoli hapa na pale, Kikisii kutoka upande wa stoo, na Kiswahili kikiwaunganisha wote. Kisha zunguka uingie kwa mlango wa mbele. Tazama nani amesimama mapokezi, nani amevaa suti, nani ana ofisi yenye jina mlangoni. Ukishapita milango yote miwili ndipo unapoweza kuzungumza juu ya uanuwai.

Neno lenyewe limetokana na anuwai, yaani aina nyingi, ambalo tulilipata kutoka Kiarabu. Tunasema vyakula anuwai, vitabu anuwai. Uanuwai wa wafanyakazi ni hali ya mahali pa kazi kuwa na watu wa aina nyingi: wanawake na wanaume, vijana na waliopevuka, watu wa makabila na dini mbalimbali, wenye ulemavu na wasio nao, waliosomea chuo na waliojifunzia jikoni. Kuna wanaosema utofauti. Mimi silipendi sana neno hilo kwa kazi hii, kwa sababu katika mazungumzo yetu watu wakisemekana kuwa na tofauti, huwa wamekosana.

Maana hiyo ni rahisi kuitaja na rahisi pia kuipotosha, kwa kuwa wengi huishia kwenye kuhesabu vichwa. Chukua mfano wa kubuni. Hoteli ina wafanyakazi 60, na 30 kati yao ni wanawake. Nusu kwa nusu, meneja anafurahi. Sasa wagawe kwa idara: wanawake 24 wako vyumbani na kwa dobi, 5 wako mapokezi, mmoja yuko uhasibu. Jikoni, kwenye baa, kwa mafundi na kwenye ofisi za juu hakuna hata mmoja. Hesabu ya jumla haijasema uongo, lakini imeficha jambo kubwa. Kwa hiyo mimi huuliza kwanza: nani yuko wapi, na je, anaweza kutoka alipo akapanda?

Hoteli ina jambo jingine lisilopatikana kiwandani. Mgeni hanunui kitanda na chakula tu. Ananunua pia namna anavyopokelewa, yaani sura, sauti, mavazi na lugha ya mhudumu. Hapo ndipo ubaguzi unapopata maficho mazuri, kwa kuwa unaweza kuitwa "muonekano". Nilipokwenda kuomba kazi mara ya kwanza, nikiwa na cheti cha mapokezi mkononi, aliyenihoji hakukifungua. Alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, akasema, "Wewe tutakupeleka vyumbani. Mapokezi tunataka msichana mwembamba." Nilikwenda vyumbani, nikaipenda kazi, na leo mimi ni supavaiza. Hata hivyo sijaona hadi leo unene unavyoweza kumzuia mtu kuandikisha wageni.

Halafu kuna kujuana. Nafasi nyingi za hoteli katika miji yetu hazitangazwi. Mpishi anaambiwa, "Tunahitaji mtu wa kuosha vyombo, huna mdogo wako?" Anamleta binamu yake. Binamu naye mwaka unaofuata anamleta jirani. Jiko moja nililolijua lilikuwa na wapishi sita, na wanne walitoka lokesheni moja. Hakuna aliyekusudia ubaya, kila mmoja alimsaidia mtu wake, na kusaidia ndugu ni jambo la heshima kwetu. Lakini kijana wa Kiturkana aliyemaliza chuo pale Nakuru hana binamu ndani ya jiko hilo, na mlango umefungwa kabla hajabisha. Tena katika Nakuru na Kisumu jambo hili lina uzito wake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, miji hii miwili iliona watu wakikimbia makao na kazi zao kwa sababu ya kabila. Waliokuwa watu wazima wakati huo hawajasahau.

Nitakaa kidogo kwenye dini, kwa sababu huku kwetu ndiko uanuwai unakojaribiwa kila wiki. Waadventista Wasabato wamekuwa Nyanza tangu 1906, walipofungua misheni ya Gendia karibu na Kendu Bay, nao ni wengi Kisii na kando ya ziwa. Sabato inaanza jua linapotua Ijumaa hadi linapotua Jumamosi. Na Jumamosi hotelini ni siku gani? Ni siku ya harusi, ya wageni wa wikendi, ya mikutano inayofungwa kwa chakula cha mchana. Tangazo la kazi linaposema "lazima mwombaji awe tayari kufanya kazi Jumamosi zote", halijataja dini yoyote. Linawahusu wote sawa kwa maneno, lakini linamwangukia Msabato peke yake. Huo ndio ubaguzi usio wa moja kwa moja: kanuni isiyomtaja mtu, ila inamfungia nje.

Dawa yake si ngumu kama mameneja wanavyodai. Mimi napanga zamu. Wasabato wangu wawili wanafanya kazi Jumapili zote, siku ambayo Wakatoliki na Waanglikana wananiomba ofu. Isitoshe, harusi za Wasabato kwa kawaida hufanyika Jumapili, kwa hiyo kazi ipo. Mwislamu wa dobi hushika Krismasi, na mwenzake Mkristo humshikia Idd. Ratiba hiyo inanichukua nusu saa zaidi kuliko ile ya kujaza majina tu, na sijawahi kukosa watu vyumbani kwa sababu ya ibada ya mtu.

Mgeni naye hunufaika, ingawa nasema hili kwa tahadhari, maana mtu ana haki ya kazi hata kama haongezi faida. Jioni moja mgeni kutoka Kisii alimwuliza weita kama samaki wa siku hiyo ana magamba. Weita alicheka, akadhani ni mzaha. Mpishi msaidizi, binti aliyelelewa katika nyumba ya Kisabato, alisikia kupitia dirisha la jikoni akatoka mwenyewe. Alimwambia, "Mama, leo ni mumi, hana magamba. Nikukaangie ngege?" Lile lilikuwa swali la imani, kwa kuwa Wasabato hawali samaki asiye na magamba, na ni yeye peke yake aliyelitambua. Mama yule alikula, na kila akija Kisumu anarudi kwetu.

Lugha nitaipitia haraka. Kikao cha asubuhi kikiendeshwa kwa Kidholuo, Mluhya mgeni anabaki kutikisa kichwa, na kosa likitokea chumba namba fulani ataambiwa hakusikiliza. Kikao kiwe kwa Kiswahili. Mkishatoka, ongeeni mtakavyo.

Hapa kuna dhana ya pili ambayo huandamana na uanuwai, nayo ni ujumuishaji. Unaweza kuajiri watu wa kila namna kisha ukawaacha wafe njaa ya kushirikishwa. Ujumuishaji ni kubadilisha kazi yenyewe kidogo ili aliyeajiriwa aweze kuifanya vizuri. Mfano ninaoujua kwa karibu ni wa dada kiziwi aliyekuja kwetu vyumbani. Magharibi mwa Kenya tuna shule za viziwi za tangu mapema miaka ya 1960, Mumias na Nyang'oma, kwa hiyo vijana viziwi waliosoma si wachache. Shida ilikuwa mlango. Utaratibu wetu ni kubisha, kusema "Usafi!", kusubiri jibu, na kubisha tena. Yeye hasikii jibu. Wiki ya kwanza watu walinong'ona kwamba kazi itamshinda.

Tuliketi naye, tukaandika kwenye karatasi. Kila asubuhi mapokezi wangempa orodha ya vyumba ambavyo wageni wameshaondoka, aanze na hivyo. Chumba chenye mgeni, mwenzake wa korido ndiye angebisha. Ving'ora vya moto tuliviongezea taa inayowaka na kuzimika katika stoo ya mashuka, na kila zamu kuna mtu mmoja mwenye jukumu la kumfuata king'ora kikilia. Naye akatufundisha ishara kumi: chumba, shuka, taulo, haraka, ngoja, chafu, imevunjika, chakula, pole, asante. Ile ya "imevunjika" ndiyo tunayoitumia zaidi, hata sisi kwa sisi, tukiwa mbali koridoni.

Na sheria inasemaje? Katiba ya 2010, Ibara ya 27, inakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja, na inataja jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, kabila, umri, ulemavu, dini, mavazi na lugha miongoni mwa mengine. Inawabana watu binafsi pia. Sheria ya Ajira ya 2007, Kifungu cha 5, inaleta katazo hilo hadi kwenye kuajiri, kufundisha, kupandisha cheo na kufuta kazi, na inadai malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Sheria hiyohiyo inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Ndiyo maana inaniuma kuona wasichana wa kibarua wakiambiwa "tutakupigia simu" mara tu tumbo linapoonekana.

Watu huchanganya mambo mawili hapa. Ile kanuni kwamba kabila moja lisizidi theluthi moja ya wafanyakazi, iliyo katika Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008, inahusu taasisi za umma. Hoteli ya mtu binafsi haina mgawo wa makabila uliowekwa na sheria hiyo. Lakini kutokuwa na mgawo hakumpi mwenye hoteli ruhusa ya kumkataa mtu kwa kabila lake, kwa kuwa Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinamfikia palepale alipo.

Kuna kipengele ambacho wafanyakazi wengi hawakijui. Ukimshtaki mwajiri kwa ubaguzi chini ya kifungu hicho, mzigo wa kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea unamwangukia yeye. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inaketi Kisumu na Nakuru pia, huhitaji kusafiri hadi Nairobi. Kwa hiyo tangazo la kazi lipige picha. Ujumbe wa simu usiufute. Andika tarehe, saa, na maneno uliyoambiwa, jioni ileile, kabla hujalala.